Kuunganisha NetBox na Keycloak ili watu waingie kwa akaunti moja (SSO), hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila wiki: "nimeweka SSO kwenye NetBox inanirudisha kwenye peji ya kuingia", "nimeingia ila sioni kitu chochote", "jina langu limekuja na herufi za ajabu mwishoni". Nimechoka kujibu vipande vipande, so leo naandika yote sehemu moja, we fuata kama yalivyo afu ukikwama nenda kule chini kwenye matatizo kabla hujamsumbua mtu.

Hapa natumia NetBox (programu ya kutunza kumbukumbu za vifaa na anwani za mtandao) iliyowekwa moja kwa moja kwenye seva ya Linux chini ya `/opt/netbox`, na Keycloak kama sehemu ya kuhakiki watu. Kama una Authentik au kitu kingine kinachoongea OpenID Connect (OIDC), upande wa NetBox ni ule ule, vitufe vya upande wa pili ndo vitabadilika.

Nadharia kidogo tu. SSO inajibu swali moja, "wewe nani?", basi. Haijibu "unaruhusiwa kufanya nini?". Hilo la pili ni kazi ya magrupu na ruhusa ndani ya NetBox yenyewe, na nusu ya watu wanaosema SSO imegoma, SSO yao inafanya kazi vizuri kabisa, ni vile hawajagawa ruhusa. Jambo lingine, mtu akishahakikiwa na Keycloak anarudishwa NetBox akiwa na kodi (code) fupi, na seva ya NetBox yenyewe inaenda kuongea na Keycloak kuibadilisha ile kodi iwe tokeni, yaani uthibitisho kwamba mtu ameshahakikiwa. Kwa hiyo haitoshi brauza yako kuifikia Keycloak, seva ya NetBox nayo lazima iifikie.

Uwe na nini kabla hujaanza

- NetBox inayofanya kazi tayari, kwa HTTPS, kwa jina la domeni na sio namba ya IP. Usianze SSO kwenye NetBox ambayo bado inasumbua, utashindwa kujua tatizo liko wapi.
- Keycloak inayofanya kazi, nayo kwa HTTPS, na uwe na akaunti ya admin wake.
- Uwezo wa kuingia kwenye seva ya NetBox kwa SSH na kutumia sudo.
- Akaunti ya ndani ya NetBox yenye usupayuza (ruhusa zote), paswedi yake unaikumbuka, na imehifadhiwa mahali salama. Hii ndo ngazi ya dharura, Keycloak ikilala utaingilia hapa. Usiifute hata ukishamaliza kila kitu.
- Saa za seva zote mbili ziwe sawa, weka chrony au chochote unachotumia.
- Bakapu ya `configuration.py`. Kopi moja tu inatosha ila iwepo.

Kwenye mifano natumia `netbox.example.com` na `sso.example.com`, badilisha uweke zako. Na usikopi ukapesti bila kusoma.

Hatua ya 1: hakikisha seva ya NetBox inaiona Keycloak

Ingia kwenye seva ya NetBox (sio laptop yako!) upige hii:

```
curl -s https://sso.example.com/realms/ofisi/.well-known/openid-configuration
```

"ofisi" hapo ni jina la realm, yaani eneo la ndani ya Keycloak linalotunza kundi moja la watumiaji. Kama huna realm tengeneza sasa hivi kwenye Keycloak kwa Create realm, na tafadhali usitumie ile ya master, ile ni ya kuisimamia Keycloak yenyewe, ukiwachanganya wafanyakazi humo unajitafutia balaa.

Ukipata maandishi marefu ya JSON yenye `issuer` mwanzoni, uko vizuri. Ukipata 404, angalia kama hujaweka `/auth` katikati kwa kufuata maelekezo ya zamani, maana kuanzia Keycloak 17 ile `/auth` haipo tena labda mtu aiweke mwenyewe. Ukipata eror ya cheti au muunganisho, simama hapo hapo utatue, hakuna haja ya kuendelea.

Hatua ya 2: tengeneza klienti kwenye Keycloak

Klienti ni programu inayoitegemea Keycloak kuhakiki watu, hapa ni NetBox. Ndani ya realm yako nenda Clients, bonyeza Create client. Aina ni OpenID Connect, Client ID andika `netbox`. Next. Client authentication iwe On, na kwenye aina za kuingia acha Standard flow peke yake, ile Direct access grants itoe tiki, hatuihitaji. Next tena, afu kwenye Valid redirect URIs weka hii:

```
https://netbox.example.com/oauth/complete/oidc/
```

Sasa sikiliza vizuri. Ile mkwaju (`/`) ya mwisho ni sehemu ya anwani. Ukiisahau Keycloak inakuambia anwani ya kurudi sio sahihi na haikuelezi zaidi, nshaona mtu amekaa siku nzima anahangaika na mkwaju mmoja. Na kuna wale wanaoweka nyota, `https://netbox.example.com/*`, ili "ikubali yote". Inakubali kweli, ila umefungua mlango mpana kuliko unavyohitaji. Weka anwani kamili.

Save, afu fungua tab ya Credentials ukopi Client Secret. Hiyo ni siri kama paswedi, isiende kwenye Git wala kwenye meseji za grupu.

Hatua ya 3: ifanye Keycloak itume magrupu

Hii ndo hatua inayorukwa kuliko zote, kwa sababu bila hii kuingia kunafanya kazi, mtu anashangilia, kesho yake anaanza kulalamika.

Kwanza tengeneza magrupu kwenye Groups. Mimi napenda matatu tu ya kuanzia: `net-wasomaji`, `net-wahariri`, `net-wakuu`. Waingize watu humo.

Afu rudi kwenye klienti ya netbox, tab ya Client scopes, bonyeza `netbox-dedicated`, ongeza mapper (kanuni ya kusema taarifa gani za mtu zitumwe), chagua By configuration kisha Group Membership. Jaza hivi:

- Name: groups
- Token Claim Name: groups
- Full group path: Off
- Add to userinfo: On

Full group path ukiiacha On, magrupu yanakuja na mkwaju mbele, yaani `/net-wasomaji`, na NetBox haitapata grupu lenye jina hilo. Na Add to userinfo ndo muhimu kabisa, kwa sababu ile backend ya OIDC tutakayoiweka hatua ya 4 (kipande cha NetBox kinachoongea na Keycloak) taarifa za mtu inazichukua kwenye userinfo, yaani anwani ya Keycloak inayotoa taarifa za mtu aliyeingia. Ukiweka kwenye ID token peke yake utaapa kwamba magrupu yanatumwa (na kweli yanatumwa) ila NetBox haiyaoni.

Hatua ya 4: andika mipangilio ya NetBox

Fungua `/opt/netbox/netbox/netbox/configuration.py`, ndio, netbox mara tatu, sio makosa. Ongeza mwishoni:

```python
REMOTE_AUTH_ENABLED = True
REMOTE_AUTH_BACKEND = 'social_core.backends.open_id_connect.OpenIdConnectAuth'

SOCIAL_AUTH_OIDC_OIDC_ENDPOINT = 'https://sso.example.com/realms/ofisi'
SOCIAL_AUTH_OIDC_KEY = 'netbox'
SOCIAL_AUTH_OIDC_SECRET = 'weka-siri-yako-hapa'

LOGIN_TIMEOUT = 28800
```

Vitu vya kuangalia hapo. OIDC imeandikwa mara mbili kwenye ENDPOINT, iache hivyo hivyo. Anwani yenyewe inaishia kwenye jina la realm, usiongeze `.well-known`, programu inaiongeza yenyewe. Na kama REMOTE_AUTH_ENABLED ilikuwepo juu kwenye faili ikiwa False, ibadilishe pale pale usiwe nayo mara mbili, maana baadae utabadilisha ya juu ushangae mbona hakuna kinachotokea.

Kwa nini sijatumia ile backend inayoitwa KeycloakOAuth2? Ipo na inafanya kazi, ila inataka uweke ufunguo wa hadhara wa realm kwa mkono na uhangaike na audience, ufunguo ukibadilishwa kila mtu anafungiwa nje. Hii ya kawaida inajisomea yenyewe kutoka kwenye ile JSON ya hatua ya 1.

LOGIN_TIMEOUT watu wanaipuuza. Bila kuigusa sesheni ya NetBox inakaa sekunde 1209600, yaani siku 14. Maana yake mtu akifukuzwa kazi leo, ukamfungia Keycloak, brauza yake ambayo ilikuwa imeshaingia bado inaendelea wiki mbili. Hiyo 28800 ni masaa 8, siku moja ya kazi.

Wenye Docker: zile za REMOTE_AUTH ziweke kwenye `env/netbox.env`, na za SOCIAL_AUTH kwenye `configuration/extra.py`.

Hatua ya 5: jaribu kuingia kabla ya mambo ya magrupu

```
sudo systemctl restart netbox netbox-rq
sudo journalctl -u netbox -f
```

Acha logi zikitiririka kwenye terminali, fungua brauza dirisha la siri, nenda peji ya kuingia ya NetBox. Utaona kitufe kipya mbali na ile fomu ya kawaida. Bonyeza, ingia Keycloak, unatakiwa kurudi NetBox ukiwa umeingia na jina lako liko juu kulia. Menyu itakuwa imepukutika, hakuna saiti wala vifaa. Usiogope, ndivyo inavyotakiwa kuwa, akaunti mpya haina ruhusa yoyote.

Usifunge lile dirisha lingine uliloingia kama admin wa ndani. Liache wazi mpaka mwisho wa kazi.

Hatua ya 6: magrupu na ruhusa ndani ya NetBox

Ukiwa kama admin wa ndani, nenda Admin, Groups, tengeneza magrupu yenye majina yale yale ya Keycloak, herufi kwa herufi. `Net-Wasomaji` na `net-wasomaji` ni vitu viwili tofauti.

Kisha Permissions. Kwa wasomaji chagua aina za vitu wanazotakiwa kuona, weka tiki kwenye view tu, unganisha na grupu lao. Wahariri waongezee add na change. Delete mimi huwa siwapi wahariri mwanzoni, mtu mmoja akifuta prefix (fungu la anwani za IP) kimakosa mtatafutana. Grupu la wakuu halihitaji ruhusa hapa, tutalipa usupayuza kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 7: kipande cha kodi kinachounganisha magrupu

Tengeneza faili `/opt/netbox/netbox/netbox/custom_pipeline.py`:

```python
import logging
from users.models import Group

logger = logging.getLogger('netbox.sso')

def weka_magrupu(response, user=None, *args, **kwargs):
    if user is None:
        return
    majina = response.get('groups')
    if majina is None:
        logger.warning('Hakuna groups kwa %s', user.username)
        majina = []
    user.groups.set(Group.objects.filter(name__in=majina))
    user.is_superuser = 'net-wakuu' in majina
    user.save()
```

Hiyo `from users.models import Group` ni ya NetBox 4.0 kwenda mbele. Kama bado uko 3.x tumia `from django.contrib.auth.models import Group`, na upange kuapdeti ndugu yangu.

Angalia nilivyofanya magrupu yasipokuja: mtu anapoteza ruhusa zote. Wengine wanapenda kuacha kama yalivyokuwa. Mimi naona bora watu kumi wapige simu asubuhi kuliko mmoja aliyetolewa kwenye grupu aendelee kuwa na usupayuza kimyakimya.

Sasa rudi `configuration.py` uongeze:

```python
SOCIAL_AUTH_PIPELINE = (
    'social_core.pipeline.social_auth.social_details',
    'social_core.pipeline.social_auth.social_uid',
    'social_core.pipeline.social_auth.auth_allowed',
    'social_core.pipeline.social_auth.social_user',
    'social_core.pipeline.user.get_username',
    'social_core.pipeline.social_auth.associate_by_email',
    'social_core.pipeline.user.create_user',
    'social_core.pipeline.social_auth.associate_user',
    'social_core.pipeline.social_auth.load_extra_data',
    'social_core.pipeline.user.user_details',
    'netbox.custom_pipeline.weka_magrupu',
)
```

Mpangilio una maana, usiupange kwa alfabeti. Yetu iko mwisho kwa sababu inahitaji mtu awe ameshapatikana au ameshatengenezwa.

Ile `associate_by_email` ni kwa ajili ya wale waliokuwa na akaunti NetBox kabla ya SSO: barua pepe ikifanana, SSO inaungana na akaunti yao ya zamani badala ya kutengeneza mpya. Ni nzuri ila ina meno mawili.

La kwanza, kama Keycloak yako inaruhusu watu kujiandikisha wenyewe au kubadili barua pepe bila kuhakikiwa, mtu anaweza kuandika barua pepe ya bosi akaingia kwenye akaunti ya bosi. Kwa hali hiyo toa huo mstari kabisa.

La pili limenipata mimi mwenyewe. Akaunti yangu ya dharura ya ndani nilikuwa nimeiwekea barua pepe yangu ya kazi, nikaingia kwa SSO, ikaniunganisha na akaunti ya dharura, afu kodi yangu mwenyewe ikaangalia magrupu, sikuwa nimejiweka net-wakuu, ikaninyang'anya usupayuza. Yaani nimejivua madaraka kwa mikono yangu. Kwa hiyo akaunti ya dharura ipe barua pepe ambayo haipo Keycloak. Na kama ushajifungia nje tayari:

```
cd /opt/netbox/netbox
sudo /opt/netbox/venv/bin/python manage.py createsuperuser
```

Restati huduma kama hatua ya 5, toka, ingia upya kwa SSO. Magrupu yanasomwa wakati wa kuingia tu, kwa hiyo kumbadilishia mtu grupu Keycloak hakumgusi mpaka aingie tena.

Mitego ya baadae

Ukiapdeti NetBox kwa kushusha faili jipya, unakopi `configuration.py` kutoka toleo la zamani kwenda jipya, sawa, kila mtu anaikumbuka. `custom_pipeline.py` hakuna anayeikumbuka. Iandike kwenye orodha yako ya kuapdeti sasa hivi. Wa Docker, iunganishe kwenye konteina kama volumu.

Tokeni za API hazipiti kwenye SSO. Mtu akiondoka kazini, kumfungia Keycloak hakuzimi skripti yake yenye tokeni. Ingia NetBox, mtoe tiki ya Active kwenye akaunti yake, hapo tokeni zake zote zinakufa.

Ikigoma

*Keycloak inasema redirect_uri sio sahihi.* Angalia anwani kwenye brauza, tafuta `redirect_uri=` ulinganishe na uliyoandika. Kama inaanza na `http://` wakati NetBox yako ni HTTPS, proksi yako haimwambii NetBox ukweli. Kwa nginx:

```
proxy_set_header X-Forwarded-Host $http_host;
proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
```

Kama kuna proksi nyingine mbele ya hiyo nginx, `$scheme` itakuwa http bado, hapo weka `SOCIAL_AUTH_REDIRECT_IS_HTTPS = True` kwenye mipangilio ya NetBox.

*CERTIFICATE_VERIFY_FAILED kwenye logi ila curl inakubali.* Unatumia CA ya ndani, yaani vyeti mnajitolea wenyewe ofisini. Curl inasoma vyeti vya mfumo, Python ya NetBox ina furushi lake la vyeti. Piga `sudo systemctl edit netbox` uongeze (njia hii ni ya Debian na Ubuntu):

```
[Service]
Environment=REQUESTS_CA_BUNDLE=/etc/ssl/certs/ca-certificates.crt
```

Afu restati. Usizime uhakiki wa cheti, hata kama kuna mtu amekwambia "weka False tu itapita".

*AuthStateMissing.* Ulianza kuingia kwa jina moja ukarudishwa kwa jina lingine, mfano ulifungua kwa IP ukarudi kwenye domeni, kuki haikufuatana nawe. Tumia jina moja tu siku zote.

*Incorrect id_token: iat.* Saa. Zilinganishe kwa `timedatectl` kwenye seva zote mbili.

*Jina limekuja kama asha9f2c71…* Jina `asha` lilishachukuliwa na akaunti nyingine, kwa hiyo mpya ikabandikwa mkia. Inatokea ukiwa huna `associate_by_email` au barua pepe hazifanani, mfano mtu akifutwa Keycloak akaundwa upya, kwa sababu Keycloak inampa kitambulisho kipya na kwa NetBox huyo ni mgeni. Futa akaunti yenye mkia, sahihisha barua pepe kwenye ile ya zamani, aingie tena.

*Ameingia ila haoni kitu.* Tafuta "Hakuna groups" kwenye logi. Ukiikuta, rudi hatua ya 3, karibu kila mara ni Add to userinfo. Usipoikuta basi magrupu yanafika ila majina hayalingani, au grupu lipo ila hujaliunganisha na ruhusa, hatua ya 6.

*NetBox haiwaki kabisa baada ya kugusa configuration.py.* Mkato au alama ya kufungua nukuu imesahaulika. `sudo journalctl -u netbox -n 50` itakuonyesha mpaka namba ya mstari.